Zamu, Sanjari na Ubia: Uhakiki wa Mipango ya Setilaiti Nyingi na wa Majina Yake

Kati ya mwaka 1960 na mwaka 1964 Wamarekani walikuwa na kituo Tunguu, katika kisiwa cha Unguja, kwa ajili ya kusikiliza chombo cha Mercury kilichomchukua mtu kuizunguka dunia. Ng'ambo ya pili ya mkondo wa bahari ni Bagamoyo, na pwani ile ipandayo kaskazini na kupita midomo ya Ruvu na Wami mpaka Saadani. Kituo cha Tunguu kilikuwa kimoja katika mnyororo wa vituo vilivyotandazwa duniani. Kingine kilikuwako Kano, katika Nigeria. Juu kilikuwako chombo kimoja tu, na chini yalikuwako masikio mengi. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, tarehe 20 Februari 1962, kila sikio lilimpokea kwa dakika chache, kisha likamwachia sikio la mbele. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kile kilifungwa, na wageni wakaondoka na mitambo yao.

Mambo yamepinduka tangu hapo. Siku hizi sikio moja laweza kukaa chini, na vyombo makumi, mamia, hata maelfu, vikapita juu yake kwa kufuatana. Katika lugha za wahandisi kila namna ya kupanga vyombo hivyo imepewa jina lake, na majina hayo si pambo, maana kila moja lashika mpango ulio mbali na mwenzake kwa gharama, kwa hatari, na kwa faida ipatikanayo kwa mtu aliye chini. Kiswahili kimetoa neno moja kwa yote: kundi. Mtu asomaye habari hizi hukutana na kundi la setilaiti, awe anasomewa habari ya vyombo viwili au ya vyombo elfu saba. Na akifungua tafsiri yenye urasmi zaidi aweza kukutana na setilaiti zilizosambazwa, au zilizotawanywa, au zilizogawanywa, kana kwamba maneno hayo ni mamoja. Uhakiki huu wataka kuitazama mipango yenyewe kwanza, na kuipima kwa kipimo cha pwani moja, ndipo yahukumiwe maneno.

Lakini vitenzi vile vitatu havifai kupitwa bila neno, kwa kuwa kila kimoja kina hukumu ndani yake. Kutawanya ni kukata kifungo. Mkutano ukitawanywa haupo tena. Kondoo wakitawanyika wamepotea, na mchungaji yumo mashakani. Kusambaza ni kutoa penye chanzo kimoja na kufikisha pengi: habari husambazwa, barua husambazwa, ugonjwa husambaa, na katika yote hayo chanzo hubaki na mamlaka, wala mpokeaji haulizwi. Kugawanya ni kukata kitu kizima kiwe mafungu, na kila fungu hutafuta mwenyewe, kama urithi. Mtu akisema setilaiti zilizotawanywa, basi, amesema bila kukusudia kwamba vyombo vile havina habari ya vyenzake. Hiyo ni kinyume cha maana iliyotakiwa, kwani vyombo hivi vimetengwa kwa mahali na kuunganishwa kwa kazi, na kitenzi kinachosema utengano peke yake kimesema nusu tena ile isiyo na thamani.

Sasa mipango yenyewe. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba katika kazi hii uamuzi wa mwanzo hauna toba. Mjenzi wa nyumba akikosea mlango aweza kuuziba na kutoboa mwingine. Chombo cha angani kikisha kuwekwa katika njia yake ya mzunguko, kwa mwendo wa kama kilomita saba na nusu kwa sekunde, kukigeuza upande kwa digrii 60 kwahitaji badiliko la mwendo lililo sawa na mwendo wake wote, na hakuna chombo cha kawaida kibebacho mafuta ya kiasi hicho. Kwa ajili hiyo, nani ataonwa mara nyingi na nani ataonwa mara chache huamuliwa juu ya karatasi, miaka kadhaa kabla ya roketi kuwashwa, na mara nyingi na watu wasioishi chini ya njia ile.

Mpango ulio mkongwe, na unaoeleweka upesi, ni ule wa vyombo vifananavyo kupeana nafasi. Setilaiti ya Landsat peke yake huirudia njia ile ile kila siku 16. Zikiwa mbili, zikipishana, mahali huonwa kila siku nane. Setilaiti za Sentinel-1 za Ulaya, zionazo kwa rada, zilipangwa kurudia kila siku 12 kwa chombo kimoja na kila siku sita kwa viwili. Rada ina maana kubwa kwa pwani ya Tanzania, maana hupenya mawingu, na picha ya kamera ya kawaida ikipigwa Aprili juu ya Bagamoyo mara nyingi huonyesha pamba tupu. Kiswahili kina neno lake tayari kwa mpango huu, nalo ni zamu. Walinzi hushika zamu. Wavuvi hukesha kwa zamu. Na mwaka 2022, maji ya Ruvu yalipopungua, mitaa ya Dar es Salaam iligawiwa maji kwa zamu. Neno hili lasema mambo matatu kwa pamoja: kwamba kazi ni moja, kwamba watendaji ni wengi, na kwamba kuna saa ya kila mmoja. Kundi halisemi hata moja katika hayo. Setilaiti za zamu ni jina litakalomwezesha msomaji kuuliza swali lililo la haki, nalo ni zamu ya nani, na lini?

Swali hilo lilikuwa na uzito katika masika ya mwaka 2024. Mto Rufiji ulifurika, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaufikia mwambao wa Tanzania. Pacha mmoja wa Sentinel-1 alikuwa ameharibika tangu tarehe 23 Desemba 2021, na mrithi wake hakurushwa mpaka Desemba 2024. Kwa miaka ile mitatu zamu ilikuwa ya mlinzi mmoja, na njia ile ile ikarudiwa kila siku 12. Maji ya mafuriko hayangoji siku 12. Wala lawama hapa si ya waliojenga, maana vyombo vile ni vya Wazungu, vimelipiwa na Wazungu, na picha zake hutolewa bure kwa wote. Lakini mwenye kupewa bure hana sauti katika orodha ya zamu, na jambo hili halionekani mtu akisema tu kwamba kuna kundi la setilaiti lenye kuitazama Afrika.

Liko kosa jingine la mpango huu, ambalo laonekana vizuri zaidi na mtu akaaye karibu na mstari wa ikweta. Njia nyingi za setilaiti zipigazo picha hupita juu ya ncha za dunia. Njia hizo hukutana zote kaskazini na kusini, na huachana mno katikati. Watu wa Norway hupitiwa mara nyingi kwa siku, na watu wa Ubena mara chache. Dawa yake inajulikana tangu zamani, tena ilijaribiwa katika bahari hii hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kutimia miaka saba ya uhuru wa Kenya, Waitalia waliirusha setilaiti ya Wamarekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Njia yake iliinama kwa digrii tatu tu kutoka ikweta, na kwa hiyo ilipita juu ya Afrika Mashariki katika kila mzunguko, kila baada ya dakika 100 au zaidi kidogo. Kazi yake ilikuwa kutazama nyota kwa miali ya eksirei, wala haikuitazama nchi. Na orodha ya vitu 339 ilivyovikuta mbinguni bado yatajwa na wanajimu kwa alama ya 4U, ambamo U ni ya Uhuru. Ni ajabu kidogo kwamba herufi ya Kiswahili imekaa kwa zaidi ya nusu karne katika vitabu vya elimu ya falaki, na waalimu wa Kiswahili hawaitaji.

Indonesia ndiyo iliyoifuata njia ile kwa manufaa ya nchi yake. Mwaka 2015 ilirusha setilaiti ya LAPAN-A2, iliyo ndogo kama kabati, katika njia iliyoinama kwa digrii sita, kusudi ipite juu ya visiwa vyake karibu mara 14 kwa siku. Bagamoyo ipo digrii sita na kitu kusini mwa ikweta. Chombo cha Waindonesia, basi, katika kuizunguka dunia hupita vilevile katika anga la mwambao wa Waswahili, na hapana aliyekiomba wala aliyekikataza. Mojawapo ya kazi zake ni kupokea ishara za meli. Hapa mhakiki hana budi kusimama kidogo, maana faida yaonekana kubwa kuliko ilivyo. Meli kubwa ziingiazo bandari ya Dar es Salaam hutoa ishara hizo. Ngarawa ya mvuvi wa Bagamoyo haitoi ishara yoyote. Mpango ulio mzuri wa njia waweza kuwa na macho yasiyomwona mwenye shida, na mtu akihesabu mapito tu atadanganyika.

Katika mipango ya zamu, ule uliofikiriwa vizuri zaidi kwa nchi za joto ni CYGNSS ya Wamarekani: vyombo vidogo vinane vilivyorushwa kwa roketi moja tarehe 15 Desemba 2016, katika njia iliyoinama kwa digrii 35, ambavyo hupima upepo wa baharini kwa kusikiliza mwangwi wa ishara za GPS zikigonga mawimbi. Mvua haivizuii. Ncha za dunia havikuzijali kabisa, na kwa kuziacha hizo vikapata nafasi ya kuzirudia bahari za tropiki kila baada ya saa chache. Mwaka 2022 kimoja kilinyamaza, na saba vikaendelea na kazi. Zamu zilikuwa ndefu kidogo, basi.

Jambo hilo la mwisho halitokei katika mpango wa pili, na hapa ndipo neno kundi linapopotosha kabisa. GRACE ilikuwa setilaiti mbili zilizorushwa tarehe 17 Machi 2002, moja ikimfuata mwenziwe kwa umbali wa kama kilomita 220. Hazikuwa na kamera. Chombo chao cha kupimia kilikuwa ule umbali wenyewe: ya mbele ikifika juu ya nchi yenye uzito mwingi, kwa mfano penye maji mengi chini ya ardhi, ilivutwa kidogo, na nafasi ikatanuka kwa kipimo kidogo kuliko unene wa unywele, na kwa kupima mtanuko huo wataalamu waliweza kusema maji ya bonde zima la ziwa Viktoria yameongezeka au yamepungua. Yafanana na wavuvi wawili washikao ncha mbili za juya. Samaki yumo katikati, wala hakuna aliyemshika kwa mkono wake. Na mvuvi mmoja akiiacha ncha, mwenziwe hana nusu ya wavu, hana kitu. Betri ya setilaiti moja ilipokufa mwaka 2017 kazi yote ilikwisha, ijapokuwa ya pili ilikuwa nzima. Jozi nyingine ilirushwa tarehe 22 Mei 2018 ili kuziba pengo.

Kwa mpango huu Kiswahili kina neno ambalo halijatumika kwa mambo ya angani, nalo ni sanjari. Vyombo viendavyo sanjari hufuatana kwa mpango, kila kimoja kikiangalia mahali pa mwenziwe; mwendo wa mmoja ni shauri la wote. Setilaiti za zamu hazihitaji kuonana kamwe. Setilaiti sanjari zikipoteana zimekwisha. Tofauti hiyo ni ya fedha vilevile, maana kushika nafasi kwa usahihi kwala mafuta na kwataka akili ya mtambo iliyo ghali. Nchi ikipelekewa mpango wa sanjari kwa bei ya zamu, na ikauchukua kwa kuwa yote mawili yameitwa kundi, italipa kosa la msamiati kwa shilingi. Ama faida yake kwa pwani hii ni ndogo. Macho ya GRACE huona nchi zenye upana wa mamia ya kilomita. Ziwa kubwa huonwa, lakini bonde la Ruvu, pamoja na Ngerengere ipitayo karibu na Ubena, hupotea ndani ya nukta moja.

Ipo mipango mingine miwili inayofaa kutajwa kwa ufupi. Mmoja ni wa kukichukua chombo kimoja na kukikata viungo: kimoja kibebe umeme, kimoja kibebe akili, kimoja kiseme na dunia, vyote vielee karibu karibu na kusaidiana bila waya. Idara moja ya ulinzi ya Marekani, DARPA, iliujaribu kwa jina la F6, na mwaka 2013 ikaukatiza kabla chombo chochote hakijaruka. Hapo ndipo neno kugawanywa lilipokuwa na haki yake, na kwa bahati mbaya ndipo lisipotumika. Wa pili ni wa vyombo vingi vidogo sana, visivyopangiwa nafasi ya kudumu, vikiendana kwa kanuni chache kama nyuki. Bumba lafaa, na hapana haja ya kutunga neno jipya. Kwa sasa mpango huo una maandishi mengi kuliko vyombo.

Hayo yote ni mipango ya mitambo. Mpango wa tatu ulio mzito kwa Afrika ni wa watu, na maandishi mengi juu ya setilaiti huuchanganya na ule wa kwanza. Mwaka 2002 na 2003 kampuni ya Surrey ya Uingereza ilijenga setilaiti ndogo kwa Algeria, Nigeria, Uturuki na Uingereza yenyewe. Kila nchi ilinunua yake, ikaiendesha kutoka nyumbani kwake, na ikatumia picha zake kwa mambo yake. Lakini zote ziliwekwa katika njia moja kwa kupishana, na wenye nazo walikubaliana kwamba maafa yakitokea popote kila mmoja atatoa picha zake. Nukta moja ya picha ilikuwa mita 32, ambayo haitoshi kumwona mtu wala ngarawa, lakini yatosha kuona mikoko imekatwa wapi na maji yameingia shamba gani; na picha moja ilikuwa pana kwa zaidi ya kilomita 600, hata mahali popote duniani pangeweza kuonwa mara moja kwa siku. Nchi moja peke yake isingepata hivyo kwa fedha ile. Kimashine huu ni mpango wa zamu. Kimilki ni kitu kingine, na neno la pwani kwa kitu hicho ni ubia: watu huchanga mitaji, kila mmoja akajua fungu lake, na chombo kikasafiri.

Wazo hilo liliwapendeza Waafrika, nao wakataka kulifanya lao. Mwaka 2009, huko Algiers, Algeria, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini zilitia saini mapatano ya kuwa na setilaiti za ubia kwa ajili ya mali asili na mazingira ya bara. Kwa Afrika Mashariki hii ndiyo habari iliyo karibu kuliko zote, maana Kenya imo, na kituo cha Nairobi cha upimaji wa ramani kwa ajili ya maendeleo, kilichoanzishwa mwaka 1975 na chenye Tanzania miongoni mwa wanachama, kingeweza kuwa ghala ya picha hizo. Ukiusoma mpango ule kama mhakiki asomavyo tamthilia, utaona kosa lake liko katika onyesho la kwanza. Kila nchi iliahidi kuleta chombo chake, kwa wakati wake, na kwa fedha yake. Algeria, Nigeria na Afrika Kusini zilikuwa na setilaiti au zilikuwa zikizijenga. Kenya haikuwa na hata moja, wala haikupata mpaka mwaka 2018. Vyombo vilivyokuja vilijengwa na wajenzi mbalimbali, vikawekwa katika njia mbalimbali, na njia zisizopangwa pamoja hazitoi zamu hata mapatano yakiwa mazuri namna gani. Katika ubia wa Surrey mjenzi alikuwa mmoja na njia moja, na mapatano yalikuja juu ya kitu kilichokuwa tayari kimefungamana. Huku mapatano yalitangulia na kifungo hakikuja.

Mtu aweza kusema kwamba dawa ilikuwa kununua chombo kimoja kikubwa cha wote. Hilo nalo lilijaribiwa. RASCOM, shirika la nchi za Afrika lenye makao yake Abidjan, lilikuwa na setilaiti moja ya mawasiliano, iliyorushwa tarehe 21 Desemba 2007 kwenda kwenye njia ile ya kilomita 36,000 ambako chombo huonekana kimesimama. Ilitazamiwa kufanya kazi miaka 15. Gesi ya heliamu ilivuja mara tu baada ya kurushwa, umri wake ukakatwa ukawa kama miaka miwili, na nyingine ikabidi kurushwa Agosti 2010. Merikebu moja yenye abiria wote ikipasuka, abiria wote wamo majini. Hata hivyo yafaa isemwe kwa haki kwamba mpango wa chombo kimoja una sifa moja ambayo watetezi wa vyombo vingi huisahau: kila mwenye hisa hupata huduma siku ile ile chombo kianzapo kazi, awe mkubwa au mdogo. Katika ubia wa zamu, asiyeleta chombo hana zamu.

Uganda na Kenya zimeingia katika mambo haya kwa mlango mwembamba, na mlango huo haudharauliki. Setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani tarehe 11 Mei 2018. Ilikuwa boksi la sentimita kumi kila upande. PearlAfricaSat-1 ya Uganda iliachiwa kutoka hapo hapo Desemba 2022, pamoja na nduguze wa Zimbabwe na Japani, baada ya vijana wa nchi hizo kuzijenga pamoja katika chuo kimoja cha Kyushu. Watu waliziita kundi. Hazikuwa kundi kwa maana yoyote ya kazi. Zilikuwa kama wanafunzi waliokaa dawati moja, na kila mmoja alirudi kwao. Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, ina kamera na ina jina lenye ahadi, kwa kuwa asemaye moja amekwisha kuanza kuhesabu. Tanzania nayo imetangaza nia ya kuwa na setilaiti yake. Kama vyombo hivi na vitakavyofuata vitapangiwa njia kila kimoja peke yake, historia ya mapatano ya Algiers yajulikana. Kama nchi za Afrika Mashariki zitakaa pamoja kabla ya karatasi ya kwanza kuchorwa, vyombo vitatu vidogo katika njia ya karibu na ikweta vingeweza kupita juu ya Wami na Ruvu kila baada ya nusu saa hivi, usiku na mchana, jambo ambalo hakuna mgeni yeyote mwenye sababu ya kulifanya. Vingekuwa na upungufu mkubwa: visingeona mbali kusini wala kaskazini, na rada iliyo nzuri haiingii katika boksi la sentimita kumi. Lakini upungufu huo ungekuwa umechaguliwa na wenye kuuvumilia.

Yamebaki yale makundi makubwa ya biashara, kama Starlink, ambayo huduma yake ilianza Rwanda na Kenya mwaka 2023. Kwa hayo kitenzi kusambaza kimepata mahali pake hasa. Chanzo ni kimoja, mamlaka ni moja, na mpokeaji hununua sahani akaielekeza juu. Mwaka 2021 Rwanda yenyewe iliandikisha katika shirika la kimataifa la mawasiliano mipango ya setilaiti zaidi ya 300,000, kwa jina la mdalasini katika Kiingereza. Idadi hiyo imechekwa na wengi. Yafaa isichekwe upesi, maana katika uandikishaji anayetangulia ndiye mwenye haki ya kwanza ya masafa, na nchi ndogo ilionyesha kwamba imeijua kanuni. Lakini karatasi ile haisemi vyombo vitapeana zamu gani, wala juu ya nani, na kwa mizani iliyotumika hapa haiwezi kupimwa.

Juu ya istilahi, shauri lenyewe si gumu. Kundi libaki kuwa jina la jumla. Chini yake yakae setilaiti za zamu, setilaiti sanjari, setilaiti ya viungo na bumba, yakiwa majina ya mitambo. Na ubia ukae peke yake, ukiwa jina la umilki, usichanganywe na yale manne. Kundinyota, ambalo wengine wangependa kulitumia kwa setilaiti za zamu, lafaa liachiwe nyota. Hata katika nyota, wakulima wa pwani hawakuzipa zile za Kilimia jina la idadi wala la umbo; walizipa jina la kazi, kutokana na kulima, zikawa kitu kimoja katika ngeli ya umoja ijapokuwa ni nyingi, kwa sababu zilionekana kwa wakati wake na zikatangaza majira. Watunga istilahi wa leo wangeweza kuufuata mfano huo bila haya.

Neno moja bado lina mgogoro. Wako watakaosema kwamba ushirika ungefaa kuliko ubia, maana ushirika umezoeleka katika Tanzania tangu vyama vya wakulima wa kahawa na pamba. Lakini katika ushirika mwanachama ana kura moja hata kama mfuko wake ni mdogo, na katika ubia kura hufuata mtaji. Mapatano yaliyotajwa hapa yalikuwa ya ubia. Kama yatakayokuja yataandikwa kuwa ya ushirika, basi kifungu cha kura hakina budi kubadilika pamoja na jina, na rasimu ya Kiswahili iwekwe mezani siku ile ile na ile ya Kiingereza.